Fundo la Mama Nashipai

Mbwana alishuka kwenye basi la Handeni na kapu lililofunikwa kanga kuukuu, akakata vichochoro vya Masuguru moja kwa moja hadi kwa dada yake Mwaija. Kabla hajamaliza kusema shikamoo, kapu likalia nyau.

"Marahaba," Mwaija akajibu huku macho yakiwa kwenye kapu. "Hicho nacho kinaamkia?"

"Dawa ya panya hiyo, dada. Si ulisema wanakutobolea magunia ya mahindi?"

Ndani ya kapu alikuwamo mtoto wa paka wa rangi ya majivu, masikio makubwa kuliko uso, kajikunyata juu ya kipande cha shuka jekundu la kimasai. Pembe moja ya shuka ilikuwa imepigwa fundo likakazwa sawasawa. Mbwana akaeleza kwamba kapewa na Mama Nashipai, mfugaji jirani yake kule Misima, Handeni. Paka mama alikanyagwa na ng'ombe zizini akafa, na yule mama akawa anakilea mwenyewe hicho kilichobaki.

Yusra, mjukuu wa Mwaija, mtoto wa darasa la tatu, alikuwa keshapiga magoti zamani.

"Bibi, tumwite Simba!"

"Simba gani huyu anayeenea kwenye kikombe? Jina tutampa akishakula chakula cha hapa. Mgeni hajavua hata viatu, wewe ushamwandikisha!"

"Lakini hatakufa?"

Mwaija aliangalia yale macho mawili yanayomsubiri. "Hafi mkononi mwangu," akasema. Neno likawa limetoka.

Mbwana alipoondoka, jambo la kwanza alilofanya Mwaija ni kulifua lile shuka. Lilinuka moshi. Alizaliwa Handeni hukohuko, na tangu utoto maziwa ya wafugaji yalimshinda kwa harufu hiyohiyo; wenzake wakiyafakamia, yeye akiziba pua. Kwa hiyo alilisugua kwa sabuni ya mche, akalisuuza, akalianika. Fundo tu hakulifungua. Kitu alichofunga mtu pindoni ni chake, na huwezi kujua kama ni dawa au dua yao. Alilipitishia povu juujuu, basi.

Kisha akachemsha maziwa. Akayapoza, akayaonja joto kwa mgongo wa mkono kama anayemnyonyesha mtoto mchanga, akayamimina kwenye kisahani cha bati alichokisugua kwa mchanga mpaka kinang'aa. Paka akaja, akanusa, akapiga chafya, akageuza mgongo.

"Hana njaa," Yusra akasema kwa sauti ndogo.

"Uchovu wa safari. Tumwache."

Jioni alikataa tena. Asubuhi Mwaija alichovya kidole akampaka mdomoni. Paka akajifuta kwa mguu kana kwamba kapakwa pilipili. Akapikiwa uji mwepesi, akaukanyaga na kupita. Jirani yao Filomena, Msambaa wa Bungu asiyepitwa na habari ya mtaani, alileta dagaa waliochemshwa na kupondwa. Paka akawatazama dagaa, akamtazama Filomena, akaondoka.

"Huyu atakuwa kafunga," Filomena akasema.

"Usinichekeshe, Filomena, nina mawazo mimi."

"Sasa mpika uji ni wewe, Mzigua, mimi nifanyeje? Hata mimi nisingeunywa."

Walicheka, lakini Yusra hakucheka. Bwana mifugo aliyeitwa alimfungua paka mdomo, akampapasa tumbo, akasema haoni ugonjwa. Wampe maji kwa matone, wamtunzie joto. "Ila asipokula, mama, mwili mdogo kama huu hauna akiba," akasema taratibu, mtoto asisikie. Mtoto alisikia.

Hapo Mwaija akaacha kumkimbiza paka na kisahani. Aliweka ungo wa mchicha mapajani, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akaanza kumtazama tu. Kila kiumbe ana lake analolifuata. Huyu anafuata lipi?

Paka alitoka pembeni akiyumba. Alikipita kisahani kama hakioni. Akaingia jikoni, akanusa figa moja, akanusa la pili, akafika kwenye kuni zilizozimwa asubuhi. Hapo akasimama. Akanusa ncha ya ukuni, ile nyeusi iliyoungua, akailamba. Akaacha, akajaribu ukuni mwingine, akaulamba nao, akalia kidogo kama mtu aliyebisha hodi akaambiwa nyumba siyo.

"Yusra," Mwaija akanong'ona, "njoo uone. Mwenzako anatafuta kitu."

"Anakula mkaa, bibi?"

"Nyamaza, tuone."

Paka alirudi kwenye shuka lake lililokwisha kukauka. Hakulala katikati palipo laini. Alikwenda pembeni, akakumbatia lile fundo kwa miguu ya mbele, akalinyonya.

Mchicha ukamwagika. Mwaija alikuwa keshasimama anatafuta simu.

"Mbwana! Huko paka huyu alikuwa anakula nini?"

"Maziwa, dada."

"Maziwa gani?"

"Maziwa ni maziwa! Ya ng'ombe. Mama Nashipai anayatoa kwenye kibuyu chake, kile anachokisugua ndani kwa kijiti cha moto ili yasiharibike."

Mwaija akaketi polepole. Moshi. Ile harufu aliyoifukuza kwa sabuni ndiyo iliyokuwa chakula, ndiyo iliyokuwa mama.

"Na hili fundo la kwenye shuka ni la nini?"

"Lipi?... Aa. Kuna kitu alinieleza, analishikashika hivi. Lakini alisema Kimasai kitupu."

"Ukamjibuje?"

"Nikaitikia. Ningefanyaje, dada, na basi linapiga honi?"

"Ukaitikia!"

Alisema bismillahi, akalibana fundo kwa meno, likalegea. Ndani kilikuwamo kijiti kigumu, kifupi, kimeungua upande mmoja, na sabuni haikuwa imefika. Yusra alikinusa, akakunja pua. "Kinanuka kama shuka lilivyokuwa."

Walikoka moto, wakakitia ncha mpaka ikawa nyekundu. Mwaija akachukua kifuu cha nazi, akakisugua ndani kwa ile ncha, akizungusha taratibu kama alivyowaona kina mama wa wafugaji utotoni, mpaka kifuu kikaungua rangi na moshi mwembamba ukamjaa puani. Safari hii hakuiziba. Alipuliza majivu, akamimina maziwa.

Hakuita. Paka alikuwa njiani tayari, anajikwaa, masikio yamesimama. Akanusa mara moja tu, kisha uso wote ukazama. Ulimi ukawa unapiga maziwa, tap, tap, tap, na Yusra akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, asije akamshtua.

Simu ilikuwa bado wazi sakafuni. "Dada? Vipi?"

"Anakunywa," Mwaija akasema. "Sikiliza. Nenda kwa Mama Nashipai umwambie nimefungua fundo lake, na nimemshukuru sana."

"Nitamwambiaje mimi, kwa Kimasai kipi?"

"Hichohicho ulichoitikia."

Filomena, aliyekuwa kaegemea ukutani kwake akisikiliza bila aibu, aliangua kicheko. Mwaija akakipoza kile kijiti, akakifuta, akakirudisha pembeni mwa shuka na kupiga fundo upya, safari hii lisilokazwa sana.

"Haya, Yusra. Kala chakula cha hapa. Mwite unavyotaka."

Yusra alimtazama paka aliyesinzia na kidevu ndani ya kifuu, sharubu zinadondosha maziwa. Akafikiri sana.

"Bibi, kwani Mama Nashipai alikuwa anamwitaje?"

Mwaija akaiokota simu tena.