Jagi Ndani ya Friji ya Kingamwili

Lahaula, mtu asome miaka minne, apewe na cheti cha kutundika ukutani, kisha aje aangushwe na jagi la ukwaju!

Swafia alikuwa ameinama kwenye friji ya maabara ya utafiti, pale Bondeni, akilitafutia nafasi jagi la leo. Bi Ummukulthum wa Kibokoni ndiye aliyelileta, kama jana, wafanyakazi wapate kufuturu nalo. Bintiye, Mwanaesha, alikuwa hospitali siku ya sita tangu apasuliwe kujifungua, na kidonda kimefanya usaha. Usaha wenyewe ulipimwa hapo hapo maabara.

Mkono wa Swafia uligusa barafu. Ukuta wa nyuma wa friji ulikuwa umeganda, na katikati ya barafu pameachwa alama ya mraba, kiasi cha kikasha cha chupa za kingamwili, zile za kupimia bakteria sugu wa dawa. Jana yeye mwenyewe alikisukuma nyuma ili jagi lienee. Na kingamwili zikishaganda hazifai tena: hazinasi bakteria sugu hata wawe tele, na mstari mwekundu hautoki kwenye kipimo.

Asubuhi, kwa usaha wa Mwanaesha, mstari haukutoka. Akampigia simu Daktari Haroon, anayemtibu, kwamba bakteria wake si sugu, aendelee na dawa ile ile. Kuzihakiki kingamwili kwanza, hakuzihakiki. Saumu, joto, kazi imerundikana, akajiambia leo tu.

Sasa akachukua bakteria wa akiba, ambao maabara nzima yajua ni sugu, akawapima kwa kingamwili zile zile. Dakika kumi na tano. Akaketi, akasimama, akaketi tena. Mstari haukutoka.

Na wasema Ramadhani mashetani hufungwa! Wa Swafia alikuwa huru kabisa, akimnong'oneza aseme chupa zililetwa mbovu, nani atajua? Akapiga simu.

"Daktari, majibu ya asubuhi usiyaamini. Kingamwili ziliganda. Nimeziharibu mimi."

Haroon akasema homa ya Mwanaesha imepanda tangu adhuhuri, na dawa anaibadilisha sasa hivi, hangoji kipimo kingine. Mamake yuko hapo kando ya kitanda. Habari hiyo Swafia aje amweleze mwenyewe.

Alikwenda hospitali kwa miguu. Bi Ummukulthum alikuwa akimkanda bintiye kwa kitambaa cha maji baridi. Swafia akamwambia yote, hakuficha kitu: kikasha, barafu, saa sita nzima za dawa isiyofaa.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ni jagi langu, mwanangu?" akauliza polepole.

Swafia alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Si jagi, mama. Ni mimi."

Bi Ummukulthum akamtazama sana, kisha akamnyoshea kitambaa.

"Basi kaa umkande. Mimi naenda kusali."

Swafia akakipokea. Kilishakuwa cha moto.