Hesabu ya Moto wa Maseremala

Kazi yangu ni kuhesabu mabaya ya watu kabla hayajawafika. Ndugu zangu wananiita Bi Balaa, na sikatai, maana mshahara wake unalipa kodi ya nyumba. Ila kazi ya mfuko wa bima ya moto wa maseremala niliifanya bure. Baba yangu ni mwanachama, na nilitaka aone kwamba ada ya shule haikupotea.

Mfuko una karakana thelathini. Kila mwenye karakana anachanga kila mwezi. Karakana ikiungua, mfuko unamlipa mwenyewe. Swali lilikuwa moja tu: kuna uwezekano gani kwamba madai yatafuatana upesi kuliko michango, akiba iishe, mfuko ufilisike? Mkaguzi wa bima anataka usizidi mara tatu kati ya mia. Ukizidi, mfuko unafungwa na kila mtu anabaki na moto wake. Nilichukua moto wote wa miaka kumi na tano, nikaiambia kompyuta ibahatishe miaka kumi ijayo, mara elfu kumi. Mfuko ulikufa mara mbili kati ya mia. Nikaenda kwa baba nikiwa nimevimba kichwa.

Nilimkuta anapiga randa ubao wa mlango. Mwenyekiti wa mfuko, mzee mwembamba tunayemwita Msumari, alikuwa amekaa kwenye benchi. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, penseli sikioni.

"Kwenye hesabu yako," akauliza, "jirani akishika moto, mimi inakuwaje?"

"Wewe unabaki salama. Kila karakana na bahati yake."

Akatazama juu, nami nikatazama. Safu ile ina karakana kumi na moja, na zote zimefunikwa na paa moja, juu ya boriti zinazopita kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Nimecheza kwenye maranda ya pale tangu sijaota meno, halafu nikaenda kuyahesabu maisha yao kama vile wanakaa mitaa tofauti. Ile miaka kumi na tano moto haukuvuka kwa sababu tu walikuwa wamewahi kuuzima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikafungua kompyuta palepale, nikarudia. Kumi na tisa kati ya mia.

"Mkaguzi anakuja Ijumaa," Msumari akasema. "Mpe ile ya mbili."

"Siwezi, mzee wangu."

"Wewe si mtoto wetu?"

"Ndiyo maana siwezi."

Tukajaribu kupandisha michango. Ingebidi iwe mara tatu, na nusu ya watu wangejitoa. Ndipo nikafikiria kuikata safu: karakana moja ikibomolewa, paa likaachwa wazi pale, moto hauvuki. Nikajaribu kuiondoa kila karakana kwa zamu, nikisoma majibu kwa sauti. Ya nne, sita kati ya mia. Ya tano, nne. Ya sita, ya katikati kabisa, mbili na nusu.

Nilishatamka ndipo nikakumbuka tumekaa wapi. Ya sita ni ya baba.

"Jaribu tena," Msumari akasema taratibu.

Nilijaribu tena, na tena. Niliibembeleza ya tano, nikaibembeleza ya saba, nikagusa tarakimu ambazo sikupaswa kuzigusa kisha nikazirudisha. Hazikukubali. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma, yeye ambaye huomba asomewe hata risiti ya umeme.

"Una uhakika, mwanangu?"

Nilitamani sana kusema sina.

"Nina uhakika, baba."

Akapuliza vumbi kwenye ubao. "Mlango huu ni wa mteja, nitaumaliza Jumatano," akamwambia Msumari. "Alhamisi njooni na mitalimbo."

Akaendelea kupiga randa. Mimi nikalia palepale mbele ya mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza baba hakuniambia ninyamaze.