Plagi za Boti

Asubuhi ya Jumamosi moja ya mwaka 1966 nilimfungia Cephas Onyango plagi nne mpya kwenye gari lake, na tangu siku hiyo sijajisifu tena mbele ya mtu. Kabla ya hapo nilikuwa na mdomo. Waulize watu wa Homa Bay.

Cephas alikuwa mwalimu. Miaka minne nyuma alikuwa ameuza fahali wa baba yake bila ruhusa, akanunua Pijo kuukuu. Mzee akasimama mlangoni kwake, huko Muhuru Bay, akatamka kwamba gari hilo halitamleta Cephas kwake yeye mzee akiwa bado hai, wala mtoto wa Cephas hatapanda ndani yake. Tangu hapo Cephas na mkewe Rispa walikuwa wamezika watoto wawili, na sasa Rispa alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimi maneno kama hayo nilikuwa nikiyacheka. Cephas hakuyacheka hata siku moja.

Ijumaa ujumbe ukafika: mzee yu mahututi, anamtaka mwanawe ili ayafute maneno yake. Kwetu maneno ya baba huyafuta baba mwenyewe. Hupiga funda la maji, akampulizia mwanawe kifuani. Akifa kabla ya hapo, maneno yamebaki, na hakuna mjomba wala mama wa kuyaondoa.

"Nicanor, omera, ndugu yangu, gari inakohoa," Cephas aliniambia jioni hiyo. "Kesho lazima nifike. Nisaidie."

Nikafungua plagi. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia, kavu, rangi ambayo fundi akiiona hufunga boneti akaenda kunywa chai. Ya nne kaure yake ilikuwa na ufa. Mtu mwenye akili timamu angeziacha zile tatu. Mimi nikasema zote nne zinatoka, nikaenda dukani kwa Farah.

"Za gari zitakuja Alhamisi," Farah alisema. "Hizi ni za injini ya boti. Boti inapozwa na ziwa siku nzima. Gari ikipanda mlima na hii, itachomeka ndani. Wallahi, fundi, mimi ningeenda na silinda tatu, polepole."

"Wewe uza sukari," nikamjibu. "Injini niachie mimi."

Sisi mafundi wa ziwani tulikuwa na mazoea hayo. Plagi ikiingia kwenye tundu na nyuzi zake za kukazia zikashika, basi ni yake. Nilikuwa nimeshazifunga kwenye magari matatu ya mjini na hayakulalamika. Lakini magari hayo yalikwenda sokoni na kanisani tu, na hilo sikulifikiria.

Asubuhi nilipomaliza kufunga na kuwasha, injini ilinguruma laini hata Rispa akapiga makofi. Nikaingia nyuma niende nao, nikasifiwe na Muhuru Bay pia.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda kuelekea Rongo nikasikia kugongagonga, kama kokoto ndani ya kopo. Sauti hiyo naijua. Ningeweza kusema simama, na nilikuwa na zile plagi tatu za zamani mfukoni. Nikasema, "Ongeza moto, ni mlima tu."

Hatukumaliza mlima. Kulipasuka kitu, moshi wa buluu ukatoka, injini ikanyamaza. Nikafungua plagi ya tatu, ncha yake ilikuwa imeyeyuka. Nikachomeka waya tunduni, ukazama mpaka vidole vyangu vikagusa chuma. Pistoni ilikuwa imetoboka. Rispa aliniuliza kama itachukua muda mrefu, nami nikafunga boneti.

Malori mawili yakapita, yamejaa. Tulilala kwa katekista mmoja wa hapo karibu, na Jumapili tukapata lori la mahindi hadi Migori, kisha lingine. Tulifika Muhuru Bay alasiri, na vilio tulivisikia kabla hatujaiona nyumba.

Mama yake Cephas, Susana, alikuwa ameketi chini, ndani tu ya mlango.

"Jana saa kumi tulisikia gari," alimwambia mwanawe. "Baba yako akasema, huyo ni Cephas. Akaomba maji, akaweka mdomoni, akangoja. Kumbe ni lori ya samaki, ikapita. Tulimwambia ateme, akakataa. Alingoja wewe na hiyo maji mpaka akachoka. Halafu akameza."

Cephas hakulia. Alitoka nje akaja nilipokuwa nimesimama na Rispa, aliyekuwa ameweka mkono tumboni.

"Umeona?" akasema. "Gari ilikataa kunileta, vile mzee alisema. Usijilaumu, fundi. Hata ungefunga plagi za dhahabu."

Nilizishika zile plagi tatu za zamani mfukoni, nzima kabisa. Kwa silinda tatu, polepole, tungefika Jumamosi saa nane mchana. Neno moja tu lilihitajika: kwamba si laana, ni mimi. Angenipiga, angenichukia hadi kufa, lakini angejua kwamba lililomzuia njiani ni fundi mpumbavu, na Rispa angeendelea kumtumaini mtoto wake. Nilifungua mdomo.

"Ni kweli," nikasema. "Ni maneno ya mzee."

Rispa alinitazama, kisha akauondoa mkono wake tumboni.