Mkia wa Asilimia Nne

Jumatatu saa nne asubuhi Fundi alikuwa amepanga simu tano mezani kwa umri, kuanzia mpya hadi kongwe, akiandika kwenye karatasi ipi itaukubali mfumo mpya na ipi itaukataa, mlinzi wa chini alipompigia kumwambia kuna mgeni wake. Mgeni alikuwa ameshajaza daftari. Kwenye "Unatoka wapi" aliandika Makaburini. Kwenye namba ya simu alipiga mstari.

"Mpandishe tu," alisema Fundi. "Ni shangazi yangu."

Shangazi alikuwa na miaka miwili kaburini. Lifti haikuona uzito wowote ndani yake ikagoma kuondoka, basi akapanda ngazi ghorofa tatu na kufika juu bila kuhema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda hivyo, hapa hamli? Haya, nimesikia sauti yangu imekataliwa."

Alisikia kweli. Programu ya ofisi ile ilikuwa ya foleni ya kliniki ya moyo. Zamani wagonjwa waliamkia kwenye korido ya hospitali wakashinda pale hadi matako yafe ganzi. Siku hizi kila mmoja ana namba yake ya kudumu kwenye kadi, anakaa kwake, na zamu ikikaribia simu inamwita. Sauti inayoita ilikuwa ya shangazi. Enzi za uhai wake alizisoma namba zote elfu moja na mia mbili, moja moja, nzima nzima, kwa sababu alipowasikia watu wa ofisi wakiunganisha vipande vipande alisema inatoka kama redio yenye kwikwi. Kila namba ilifuatwa na maneno "njoo sasa, usikimbie". Hilo la usikimbie halikuwa kwenye karatasi aliyopewa. Alilitia mwenyewe, akauliza mtu wa moyo unamwitaje halafu umwache akimbie.

Sasa wenye mfumo wa simu walikuwa wametangaza mfumo mpya, unatoka Jumatatu inayofuata, na mfumo huo haupokei mafaili ya sauti ya kizamani. Programu isiyojiandaa itazimika. Ofisi nzima ilikuwa mbioni kwa wiki ya tatu.

Meneja alitoka chumbani kwake kumsalimia shangazi kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, asiyempandishia mtu sauti, na jambo hilo lilifanya iwe vigumu kumkasirikia. Alisema amefurahi sana, wagonjwa wameizoea sauti hii na kutafuta nyingine kungewachelewesha. Alimpa fomu ya ridhaa. Shangazi alisaini.

Walianza kurekodi kwenye kile chumba kidogo cha mikutano. Shangazi alisoma, Fundi aliangalia mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwenye skrini. Namba moja, njoo sasa, usikimbie. Namba mbili. Walikwenda vizuri hadi kumi na nane. Kwenye kumi na tisa shangazi alifungua mdomo, midomo ikacheza kama kawaida, na mstari ukabaki umelala sekunde tatu.

"Hebu rudia, shangazi."

Alirudia. Mstari haukuinuka.

"Hii haitoki," alisema shangazi.

"Ni koo?"

"Koo lipi, mwanangu? Koo langu limeshaliwa. Ni kwamba siwezi kumwita mtu nisiyemfikia. Kule tuliko uongo hautoki mdomoni. Si kwamba tumekuwa wema, mdomo tu hauwezi. Huyo kumi na tisa mmemfanya nini?"

Fundi alifungua orodha, ingawa alijua atakachokikuta. Kumi na tisa alikuwa mzee mmoja mwenye simu ya miaka minane.

Pale ofisini simu za namna hiyo ziliitwa mkia. Ili programu iwahi mfumo mpya, ilibidi iache kufanya kazi kwenye simu za zamani, au watengeneze matoleo mawili, moja la wapya na moja la mkia, kazi ya wiki tatu zaidi. Mwezi uliopita meneja alikuwa amechora duara ubaoni, akakata kipande chembamba na kuandika ndani yake asilimia nne. "Tunakata mkia," alisema, na watu wote walitikisa kichwa, Fundi akiwemo. Asilimia nne ya wagonjwa elfu moja na mia mbili ni watu arobaini na wanane. Siku ile hakuna aliyeipiga hesabu hiyo, na Fundi ndiye aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko wote.

Waliendelea. Jumatatu walimaliza namba mia nne, kumi na nne kati yao zikiwa bubu. Kwa kila namba bubu Fundi alihifadhi faili la sekunde tatu za ukimya, kwa sababu programu ilihitaji mafaili elfu moja na mia mbili kamili, na pengo lingeiangusha.

Jumanne mia nne kumi na sita ilikataa kutoka, na mia nne kumi na saba nayo ikakataa. Shangazi alitua.

"Hii ya pili ninaijua," alisema. "Si kadi ya kaka yangu hii?"

Ilikuwa kadi ya baba yake Fundi. Jioni ile Fundi alipita dukani, akanunua simu mpya na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Baba alimlalamikia binti yake kwamba ile ya zamani haina kasoro yoyote, inasikika hadi kwa jirani, na vitufe vyake anavijua hata akiwa amefumba macho. Kuhusu vitufe alisema kweli. Fundi alimhamishia kila kitu, akamfundisha kupokea, akamfundisha tena. Jumatano asubuhi shangazi alikaa mbele ya kinasa sauti na kutamka, "Namba mia nne kumi na saba, njoo sasa, usikimbie," na mstari ukapanda vizuri.

Fundi alikaribia kulia kwa furaha. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sanda.

"Umemtoa kaka yangu, nashukuru. Hao wengine hawana shangazi?"

Fundi alifungua faili la namba iliyofuata. Aliona aibu, ile ya kumpandisha mtu joto hadi masikioni, na aliendelea kuiona hadi namba ya elfu moja na mia mbili, iliyosomwa saa kumi jioni. Bubu zilikuwa zimebaki arobaini na saba. Shangazi aliagana na kila mtu, akarudisha beji ya mgeni na kushuka ngazi.

Alhamisi Fundi aliingia kwa meneja.

"Namba arobaini na saba hazina sauti," alisema.

"Mafaili yapo?"

"Yapo."

"Yana urefu?"

"Sekunde tatu tatu."

"Majaribio yanasemaje?"

Majaribio yalikuwa ya kijani yote, yaani yamefaulu. Jaribio la sauti lilikagua mambo mawili tu: faili lipo, na lina urefu unaozidi sekunde moja. Halikusikiliza. Fundi aliliandika mwenyewe miaka miwili nyuma, siku moja alipokuwa na haraka, na lilisifiwa kwa wepesi wake.

"Basi tuko sawa," alisema meneja. Hakuwa akimdhihaki. "Nakuelewa, Fundi. Usidhani sikuelewi. Lakini tarehe haisogei, na hospitali imeshasaini toleo moja. Hilo la mkia tutaliangalia baadaye."

"Hao ni wagonjwa wa moyo, bosi."

"Ndiyo maana nimesema tutaliangalia."

Fundi alirudi mezani akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Walipokea vizuri kabisa, maana kwa kupigiwa simu zile kuukuu hazikuwa na matatizo. Mwenye kadi kumi na tisa, aliyekuwa dereva wa malori kabla ya kustaafu, alisema simu yake ni nzima, haijawahi kumwangusha, sasa kosa lake ni nini? Mwingine alisema mwanawe amemwahidi nyingine tangu mwaka juzi, kwa hiyo amfuate huyo mwanawe. Mshona sare za shule mwenye kadi mia nne kumi na sita alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Kwa hiyo nifanye nini?"

Fundi alitazama dari.

"Tunalishughulikia, mama."

Hilo ndilo jibu lililotolewa ofisini pale kwa kila kitu, kuanzia programu kukwama hadi choo kuziba. Mshona sare alishukuru akamwombea baraka. Fundi alikata simu akajiona mwongo, na hakukosea.

Basi akaamua kulifanya mwenyewe. Ijumaa hadi Jumapili alikaa na Mama Droo, mama mmoja mtu mzima aliyetunza simu za majaribio, ishirini na mbili kwenye droo moja, kila moja na kipande cha plasta chenye jina lake. Mama Droo alizijua tabia zake kuliko alivyowajua wakweze. Hii ukiiharakisha inasusa. Ile inataka ishikwe kwa upande. Waliunda toleo la mkia kwa kupunguza hili na kurudisha lile, na Jumapili saa sita mchana simu kongwe kuliko zote, jina lake Babu, iliwaka na kuonyesha foleni. Mama Droo alipiga kigelegele kifupi akaangalia mlango kama kuna aliyesikia.

Aliyekuwa mlangoni ni shangazi, na beji yake ya mgeni.

"Nimekuja kuzisoma zilizobaki," alisema.

Fundi alimwekea kinasa sauti hata bila kumkaribisha kiti. Shangazi alikohoa kwa mazoea, akafungua mdomo kwenye kumi na tisa. Midomo ilicheza. Mstari ulilala.

"Lakini inafanya kazi, shangazi. Hebu ione, inafanya kazi!"

"Kufanya kazi inafanya, mwanangu, naiona kwa macho yangu. Lakini haitafika kwao."

Walijaribu ishirini na saba, walijaribu mia nne kumi na sita, walijaribu ya mwisho kabisa. Shangazi hakuwa na haraka, alizipitia zote arobaini na saba, na kila moja Fundi aliisubiri kana kwamba ndiyo itakayotoka. Mama Droo alianza kuzirudisha simu kwenye droo kabla hawajamaliza. Shangazi alipoondoka alimshika Fundi shavu. Mkono wake haukuwa baridi wala moto.

Jumatatu asubuhi meneja alilitazama toleo la mkia kwa muda mrefu. Alilisifu. Alisema ni kazi safi mno, inatia moyo, na ataiweka kwenye ripoti ya robo mwaka. Halafu alibonyeza kitufe cha kutoa toleo lililosainiwa. Mfumo mpya ulitoka saa tano, programu ilipokelewa bila hitilafu, na mtu mmoja alileta keki.

Jumanne ilikuwa zamu ya kadi za mia nne na kuendelea, na Fundi aliomba ruhusa ampeleke baba yake. Simu mpya ilimwita nyumbani kwa sauti ya dada yake, ikasikika vizuri. Baba alisimama kwanza, akasikiliza hadi neno la mwisho, kisha ndipo akatafuta viatu. Waliwahi. Korido ilikuwa na watu wachache, na kiti cha karibu kabisa na mlango wa daktari kilikaliwa na mama mmoja mwenye mkoba wa kitambaa na futi ya kushonea shingoni. Kadi yake aliishika mkononi, namba ikiwa juu. Mia nne kumi na sita.

Alikuwa amefika tangu saa moja asubuhi, maana siku yake aliijua kwa kichwa. Vifundo vya miguu vilikuwa vimemvimba, na alipumua kwa vituo, kidogo, halafu kidogo tena.

Karani wa mapokezi alitazama skrini yake. "Mia nne kumi na tano ametoka. Mia nne kumi na saba, pita."

"Kuna mtu mbele yangu," alisema baba yake Fundi.

"Huyo hajaitwa, mzee. Nikimwingiza asiyeitwa na programu mlango haufunguki."

Haukufunguka kweli. Karani alishajaribu asubuhi, mara mbili, kwa roho nzuri tu.

"Pita, baba," alisema mshona sare. "Mimi zamu yangu bado."

Baba alimtazama binti yake. Fundi alisogea mbele ya yule mama, akasimama wima katikati ya korido, akaamua kwamba kama hakuna wa kumwita atamwita yeye, kwa mdomo wake, kwa nguvu zake zote, mlango usikie, karani asikie na daktari asikie. Alivuta pumzi akaitamka namba ya yule mama. Aliuhisi ulimi ukigonga meno. Zilipita sekunde tatu.

Hakuna aliyegeuka. Mshona sare alikuwa akimwangalia kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mwenzake apige chafya. Fundi alirudia, akarudia tena, hadi machozi yakamtoka, na korido ilikaa kimya kiasi kwamba kalamu ya karani ilisikika ikiandika.

"Baba, ingia," alisema mwishowe, na hayo yalitoka vizuri tu.

Mlango ulimfungukia baba yake na kufungwa nyuma yake. Mia nne kumi na nane alikuwa ameshafika, anaangaza pa kukaa. Mshona sare aliutoa mkoba wake kwenye kiti cha pili, akauweka mapajani, akampisha.