Risasi Ndani ya Gunia la Magunzi

Mashemeji kutoka Bumula walipokuja kijijini Kwanza kugawana nguo na majembe ya marehemu Wekoye, kama ilivyo desturi matanga yakiisha, mjane wake Phelista aliingiwa na hofu. Wekoye alikuwa polisi wa akiba, na chini ya kitanda aliacha mkebe wa risasi kuukuu zilizoshika kutu. Kila baraza chifu alisema risasi za zamani zirudishwe, hakuna atakayeshikwa. Phelista hakuamini. Akauzika mkebe katikati ya gunia la magunzi ya mahindi, akisema mgeni hachungulii kuni.

Kweli, mgeni hakuchungulia. Hesbon, mwana wa Phelista, ndiye aliyelibeba gunia bila kujua mpaka Kitale, kwa Nafisa, rafiki wa mama yake wa sokoni, aliyeahidiwa magunzi ya kupikia harusi.

Phelista aligundua jioni ile ile kwamba gunia lililokwenda ni lile lenye mkebe. Mkono ukaenda kwa simu, ukarudi. Atasema nini? Na polisi je? Akajiambia Nafisa ana magunia mengi, hawezi kuanza na lile. Akalala na maneno hayo, usingizi ukamkataa.

Asubuhi akapanda boda. Alipofika, moto ulinguruma chini ya sufuria, na binti mdogo wa Nafisa amechuchumaa, anachota magunzi kwenye gunia lililobaki nusu.

"Karibu Mama Hesbon!" Nafisa akacheka. "Haya yako yanawaka bana, kama udaku!"

"Nafisa, toa mtoto hapo. Tokeni wote."

"Ati nini? Na pilau yangu?"

"Kuna risasi ndani ya gunia."

Kicheko kikakatika. Nafisa alimnyakua binti, wakakimbia na wapishi mpaka barabarani, akawapigia polisi. Hao walifukuza watu mbali, wakangoja moto ufe wenyewe, ndipo mtaalamu wao akautoa mkebe polepole. Juu yake yalikuwa yamebaki magunzi ya konzi moja tu.

"Mama, si ungetuita tu," afisa akasema, akaondoka. Hakumshika.

Nafisa ndiye aliyeuliza. "Ulijua lini?"

Angesema asubuhi, nani angembishia? Akamtazama yule binti, nyusi zimejaa majivu.

"Jana jioni."

Nafisa hakufoka. Alimpangusa mtoto uso, akaita mtu wa boda. "Rudisha huyu mama kwake, kule Kwanza."

Phelista akapanda, akitamani angalau tusi moja.