Chumvi ya Maabara

Bakuli lilipopoa Linet alilirudisha kwenye mizani, akatoa uzito wa bakuli tupu. Gramu mbili. Akapima tena. Mbili.

Swali la moko, mtihani wa majaribio, lilikuwa jepesi: gramu hamsini za maji ya chumvi, asilimia kumi kwa uzito. Kausha maji, pima chumvi iliyobaki. Kumi kwa mia, mara hamsini: tano. Hesabu hiyo aliijua tangu kidato cha pili.

"Nyar Takawiri, unapika chai?" Ken wa meza ya jirani alimnong'oneza, akimwita binti wa Takawiri kama kawaida yake. Bakuli lake bado lilikuwa na maji tele. "Mimi nishaandika tano. Andika twende."

Ambaye angeanguka practical, mtihani huu wa maabara, angerudia darasa. Na kule kisiwani Takawiri mdogo wake Zilpah alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, mwaka wa pili sasa, akingoja Linet amalize ndipo naye aingie sekondari.

Aliinua mkono. Mwalimu Mayaka akaja polepole.

"Mwalimu, yangu imekuwa mbili."

"Umemwaga?"

"Sijamwaga."

Mwalimu aliitazama mizani, kisha dirisha, kule moshi wa jikoni ulikokuwa ukipanda.

"Maharage ya jana yalikuwaje?"

Jana maharage yalikuwa na chumvi, mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. Linet aliomba aongezewe. Alimsifu Mama Orpah, mpishi, mbele ya foleni nzima, wenzake wakapiga makofi.

"Mlikuwa mmeanza kukataa chakula," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Headmaster akaja kuchukua chumvi ya maabara, akaipeleka jikoni. Iliyobaki niliiongezea maji, iwatoshe wote."

"Sasa niandike nini?"

"Majibu ya kusahihishia yametoka wilayani. Yanasema tano."

"Lakini wewe unajua, mwalimu."

"Najua." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Si mimi nitakayesahihisha, mama."

Linet alikaa akiikodolea macho ile chumvi. Ilikuwa nyeupe, kidogo sana, imeng'ang'ania chini ya bakuli.

Kengele ikalia. Akaandika *gramu 5*.

Wenzake walipanga karatasi zao mezani kwa mwalimu wakatoka. Linet aliweka yake juu kabisa, na juu ya karatasi akaliweka bakuli, chumvi yake ndani, ili atakayetaka kuisoma ile tano aanze kwa kuliinua.