Vigelegele Vitatu

Mama alikataa katakata kupiga vigelegele vinne.

Alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni na koti lake la kanisani, kitambaa cheupe cha kwaya kichwani, mkoba mkononi kama mtu aliyepita tu kusalimu. Maingi, fundi wa mitambo ambaye pia alipiga gitaa, alikuwa ameshamsogeza huku na huku kutafuta mahali ambapo sauti yake haingeirusha ile sindano ya mashine inayopima sauti hadi mwisho. Sasa alikuwa akijaribu kumsogeza kwa maneno.

"Mama, hii ngoma inaenda nne nne. Ukipiga tatu utaniachia shimo."

"Shimo ni yako, wewe ndio fundi," mama akamjibu. "Mtoto akiwa kijana ni tano. Akiwa msichana ni tatu. Nne ni ya nani? Ya mbuzi?"

Mativo, mpiga drams, alicheka mpaka fimbo moja ikamponyoka na kubingiria chini ya kiti. Mimi sikucheka. Nilikuwa kwenye maikrofoni ya pili, namwomba Mungu mama asighairi, na papo hapo namwomba aghairi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka wa sabini na nane, saa sita u nusu mchana, katika studio moja ya River Road, ghorofani juu ya duka la mablanketi. Mimi nilikuwa karani pale. Nilichapa majina ya kubandikwa kwenye santuri, nikajibu barua, nikachemsha chai. Ni mimi niliyewatafutia nafasi akina mama wa kwaya yetu ya mtaa wa Jericho warekodi nyimbo zao za dini. Walipewa muda wa saa tatu. Lakini wale walikuwa wanawake waliofanya mazoezi tangu Krismasi, hawakuwa na muda wa kupoteza. Wakaimba nyimbo zote bila kukosea na kubakiza nusu saa nzima. Wenzake mama wakashuka hotelini chini kunywa chai. Yeye akabaki, eti ananingoja.

Maingi naye hakuwa mtu wa kuona utepe umebaki akalala usingizi. Asubuhi yote alikuwa amewaelekeza akina mama kwa maneno yale yale: sogea kidogo, rudi hatua mbili, usipumulie maiki. Yalikuwa yameniganda kichwani. Nilikuwa nakusanya vikombe huku nikiyaimba chinichini, bila kujua naimba, na nilipogeuka nikamkuta Maingi ameshayawekea gitaa. Mwenye besi akaingia. Mativo akafuata na ule mdundo wa disko uliokuwa umeuteka mji mwaka ule. Nimeona ugali ukichukua muda mrefu zaidi kuiva. Maneno yenyewe hayakuwa na zaidi ya hapo: sogea kidogo, rudi hatua mbili, usinipumulie. Nani angejua kwamba mtu akifuata maagizo ya fundi wa studio anajikuta amecheza dansi?

Tatizo lilikuwa katikati ya wimbo. Palikuwa patupu. Maingi akasema pale panataka mtu mwenye furaha, na sote tukageuka kumtazama mama.

Jericho nzima ilivijua vigelegele vyake. Nyumba zetu za kaunsili zilikuwa ukuta kwa ukuta. Mtu akipiga chafya huku, kule anaambiwa pole. Mtoto mchanga akiletwa kutoka hospitali, kabla chai haijamiminwa, mama alikuwa ameshafika mlangoni mwa nyumba ile, ameshika kiuno, anatangaza. Vitano au vitatu, wala hakuuliza kabila la mtoto. Kuna watoto wa Kakamega na wa Homa Bay waliokaribishwa duniani kwa hesabu ya Kikuyu, na wazazi wao wakashukuru.

Lakini disko ni jambo lingine. Mwaka ule wazee wa kanisa walikuwa wamelipiga marufuku disko kwa jina. Aliyekutwa nalo alitengwa na Meza ya Bwana na kukalishwa benchi la nyuma, lile la karibu na mlango, ambako kila anayeingia anakuona na kila anayetoka anakukanyaga. Mama aliongoza kwaya. Kitambaa cha Meza ya Bwana alikifua na kukipiga pasi yeye, miaka kumi na minne, na pasi ile haikugusa nguo nyingine. Hakuwa na dhahabu wala shamba. Alichokuwa nacho ni hicho.

"Mama, hakuna atakayejua," nikamwambia. "Ni wimbo wa kujaza upande wa pili wa santuri."

Akauweka mkoba juu ya kiti.

Nikaimba. Ilipofika pale katikati akapiga cha kwanza, na sindano ya mashine ikaruka mpaka mwisho ingawa alikuwa amerudi hatua mbili. Akapiga cha pili. Akapiga cha tatu, kirefu kuliko vyote, mpaka nikahofia pumzi yake. Kisha kimya. Mativo alikuwa ameinua fimbo juu akingoja cha nne, ijapokuwa aliambiwa hakipo. Mazoea yana taabu. Sote tukasimama ndani ya shimo lile tukitazamana. Halafu Mativo akashtuka, akaziangukia ngoma zake kwa nguvu, nasi tukamfuata mbio mbio hadi mwisho.

"Hiyo tutarekebisha," akasema Maingi. Lakini mlinzi alikuwa ameshapanda ngazi na funguo zake, maana Jumamosi jengo lilifungwa saa saba. Haijarekebishwa hata leo.

Wimbo tuliupa jina la "Rudi Hatua Mbili", ukatoka, na Nairobi haikuushughulikia. Santuri chache zikaenda Mombasa, kwenye hoteli za watalii. Huko, tulivyokuja kusikia, Mjerumani mmoja aliyekuwa na ukumbi wa dansi kwao alianguka kifudifudi juu ya meza ya watu wakati wa lile shimo la kimya, kwa kuwa miguu yake ilitegemea mdundo ambao haukuja. Akainuka akiwa na mchuzi kifuani, akaomba upigwe tena. Akaondoka na santuri tatu ndani ya sanduku.

Baada ya hapo mambo yakawa makubwa kuliko sisi. Wajerumani wakaupenda. Waholanzi wakaupenda. Ikaja barua kutoka Brazili, ambako sikujua kama kuna mtu anayejua Kenya iko wapi. Kila mahali ilikuwa hadithi ileile: vigelegele vitatu, ukumbi mzima unaganda mguu mmoja juu, halafu watu wote wanapiga kofi moja, pa, ndani ya shimo la Mativo, na dansi inaendelea. Maingi alitembea River Road kama mtu aliyeoga kwa maziwa.

Barua nilizijibu mimi. Moja naikumbuka zaidi. Ilitoka kwa muuguzi wa Bremen, mwandiko mzuri wa Kiingereza cha shule. Aliuliza: yule mwanamke wa katikati ya wimbo anasema nini? Kila ninapomsikia mwili unanisisimka, na ningependa kujua sababu. Nikamjibu kwa mstari mmoja kwamba hasemi kitu, ni sauti ya furaha tu. Nilikuwa na barua nyingine thelathini za kujibu.

Nabii hana heshima kwao mpaka apande ndege. Mwanzoni mwa mwaka wa themanini wimbo ukarudi Nairobi kama wimbo wa Ulaya, na sasa redio ikawa haina wimbo mwingine. Nilikuwa nimebeba ndoo bombani siku nilipousikia kutoka nyumba tatu kwa mpigo. Nikaitua ndoo. Majirani wakaacha kufua. Mama Ndanu, jirani yetu wa mlango wa pili, akanitazama, akaitazama nyumba yetu, akasema taratibu, "Huyo si Mama Wakiuru?" Wakiuru ni mimi.

Wito wa wazee ulifika Alhamisi. Nikamwambia mama niende mimi, niseme nilimdanganya, niseme aliambiwa ni wimbo wa dini. Alikuwa akichambua maharagwe.

"Nilikuzaa, hukunizaa," akasema, akaendelea kuchambua.

Jumamosi jioni akaingia chumba cha wazee nyuma ya kanisa, nami nikabaki nje chini ya dirisha, nimeshika ukuta. Yote yalisemwa kwa Kikuyu, nami nayaweka hapa kama nilivyoyasikia. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wanyoike, seremala, mtu wa haki asiyejua mzaha. Hata uchunguzi hakufanya.

"Watoto wangu wanne ulinitangazia wewe," akasema. "Hata nikiamshwa usingizini nitaijua sauti hiyo. Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi."

"Na ulijua ni wimbo wa disko?"

"Nilijua."

Nikaliona lile benchi la nyuma. Nikamwona mama juu yake, mikono mapajani, na mtu mwingine mbele akikunjua kitambaa chake. Nilijichukia siku ile, sifichi.

"Sasa Mama Wakiuru," akasema Mzee Wanyoike, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu asiyeelewa. "Ulipata furaha gani huko, ya kupigiwa vigelegele vya mtoto?"

Nikasikia mama akiuweka mkoba mezani.

"Huyu Wakiuru nilimzaa mwaka wa hamsini na tano," akaanza. "Mnaujua mwaka huo, vita na mkoloni. Tulikuwa tumefungiwa kijijini, handaki pande zote. Alitoka saa moja jioni, kafyu imeshaingia. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Alipoona ni msichana akafungua kinywa, halafu akakiziba kwa mkono wake mwenyewe, wenye damu yangu, kwa maana homugadi, walinzi wa serikali, walikuwa wakipita nje na wiki ile walikuwa wamechoma nyumba kwa sababu ya kelele. Akaninong'oneza: tutampigia vita vikiisha. Vita vilipoisha mtoto alikuwa anachota maji, na mama mkwe alikuwa ameshazikwa. Ningemwambia nani?"

Akaendelea:

"Nimewapigia watoto wa Jericho wote. Kila mara nikihesabu, najua kuna mmoja ambaye hajahesabiwa. Siku ile nilimsikia akiimba, mtu mzima, sauti yake imejaa chumba. Sikufikiria disko, wazee wangu. Nilifikiria kwamba hapa mlango umefungwa, wala hakuna homugadi nje."

Nilikaa chini kwenye changarawe. Miaka ishirini na mitano nilidhani mama yangu ni mwanamke mwenye furaha nyingi tu, anayependa watoto wa watu. Nililia kwa kwikwi kama mtoto, na katikati ya kulia nikacheka, maana nilikumbuka Wajerumani, mguu mmoja juu.

Ndani, nikamsikia karani wa wazee akigongagonga kalamu mezani. "Niandike nini, Mwenyekiti?"

Kiti cha Mzee Wanyoike kikalia. Akakohoa mara mbili. "Andika kwamba Mama Wakiuru ametangaza mtoto," akasema. "Kutangaza mtoto si disko." Kisha akaongeza, "Na andika kwamba tumechelewa kumpongeza."

Mama alipotoka alinikuta pale chini, pua inavuja.

"Unalia nini, mtu mzima na miguu yako? Inuka. Nimeacha maharagwe motoni."

Tukapita sokoni Jericho. Kwenye kibanda cha fundi wa redio wimbo wetu ulikuwa ukilia, na mbele yake vijana watano walikuwa wamesimama mguu mmoja juu. Mama akapunguza mwendo. Vigelegele vyake vikapita, vitatu, kisha kikaja kile kimya, na vijana wakapiga kofi lao, pa, pamoja na muuza nyanya aliye upande wa pili wa njia.

"Kwa nini wanapiga kofi hapo?" akaniuliza.

"Kwa sababu hapo hakuna kitu, mama."

Akalifikiria hilo hatua kadhaa. "Wamefanya vizuri," akasema, na tukaenda kuokoa maharagwe, ambayo kwa kweli yalikuwa yameungua upande mmoja. Tuliyala hivyo hivyo. Jumapili nilimtazama akikunjua kitambaa cha Meza, kimenyooka, bila kunyanzi hata moja.

Jumatatu nikafika studio mapema, Maingi hajaja. Nikatafuta kwenye faili barua ya yule muuguzi wa Bremen, nikaingiza karatasi safi kwenye taipureta. Nikamwandikia kwamba anisamehe, jibu langu la kwanza halikuwa sahihi. Yule mwanamke wa katikati ya wimbo anasema jambo, tena analisema mara tatu ili kusiwe na kosa. Anasema kwamba amezaliwa mtoto wa kike. Nikasita kidogo, vidole juu ya herufi, kisha nikamalizia jinsi habari kama hizo zinavyomaliziwa kwetu: mtoto anaitwa Wakiuru, na mama na mtoto wote hawajambo.